Probiotiki na Uvimbe Sugu wa Utumbo: Zinasaidia Wapi, na Hatari Iko Wapi?

Probiotiki, yaani bakteria hai wanaouzwa wakiwa katika vidonge, unga au vifuko, sasa zinapatikana katika maduka mengi ya dawa. Matangazo yake huahidi tumbo tulivu na afya njema. Kwa mtu aliyeharisha siku mbili kwa kula chakula kibaya, kopo lisilomsaidia ni hasara ya pesa tu. Kwa mtu anayeugua uvimbe sugu wa utumbo, hasara inaweza kuwa kubwa zaidi. Akiacha dawa alizoandikiwa na daktari kwa kuliamini kopo, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, akapoteza damu, na hata kufikishwa chumba cha upasuaji.

Hii haina maana kwamba probiotiki ni uongo. Kuna mahali ambapo utafiti umeonyesha zinasaidia, na kuna mahali ambapo umeonyesha hazisaidii. Somo hili linaeleza tofauti hiyo, ili mgonjwa na jamaa zake wajue la kuuliza kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Uvimbe sugu wa utumbo ni jina la jumla la magonjwa mawili makuu. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda. Huu hushika utumbo mpana pekee, ukianzia sehemu ya haja kubwa na kupanda juu, na hutoboa vidonda katika ngozi laini ya ndani. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, ambaye pamoja na wenzake wawili aliueleza katika makala ya kitabibu mwaka 1932. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika sehemu yoyote kuanzia mdomoni hadi mwisho wa njia ya haja kubwa. Huruka-ruka, sehemu moja ikiugua na inayofuata ikiwa nzima, na uvimbe wake huweza kupenya unene wote wa ukuta wa utumbo.

Katika magonjwa yote mawili, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huendelea kuushambulia utumbo bila kukoma. Chanzo hasa hakijajulikana chote. Kinachojulikana ni kwamba urithi wa kifamilia, kinga ya mwili, mazingira na bakteria wanaoishi tumboni vyote vina mchango. Ugonjwa hauambukizwi kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja. Haukuletwa na uchawi, na mgonjwa hakujiletea mwenyewe.

Watu wengi hugunduliwa wakiwa vijana, kati ya miaka 15 na 35, umri wa kusoma, kutafuta kazi na kuanza familia. Dalili zake ni kuharisha kwa wiki nyingi, mara nyingi kwa damu au kamasi, maumivu ya tumbo, kukimbilia choo usiku na mchana, kupungua uzito, uchovu na upungufu wa damu. Wengine huumwa viungo, macho huwa mekundu, au hupata vidonda mdomoni. Ugonjwa huja na kuondoka: kuna vipindi vya utulivu, na kuna vipindi ambapo huwaka upya. Hadi sasa hakuna dawa inayouondoa kabisa. Dawa zilizopo huuzima na kuuzuia usiwake tena.

Kwanza ijulikane ni ugonjwa gani

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Damu kwenye choo inaweza kutokana na amiba, bakteria wa kuhara damu, bawasiri, au saratani ya utumbo. Kuharisha kwa muda mrefu kunaweza kuhusiana na virusi vya UKIMWI. Kifua kikuu nacho hakiishii mapafuni; kinaweza kushika utumbo, na kikifika huko hufanana mno na ugonjwa wa Crohn. Kutofautisha haya mawili ni jambo la uhai. Baadhi ya dawa za Crohn hupunguza nguvu za kinga ya mwili, na mgonjwa wa kifua kikuu akipewa dawa hizo kimakosa, kifua kikuu kitapata nafasi ya kuenea.

Kwa hiyo mtu aliyeharisha kwa zaidi ya wiki nne, au anayeona damu kwenye choo, asianze na kopo la dukani wala asirudie dawa za amiba au za homa ya matumbo mara ya tatu na ya nne bila kupimwa. Aanze kwa kipimo cha choo na cha damu katika kituo cha afya. Pakihitajika, atapewa barua ya rufaa kwenda hospitali inayofanya kipimo cha kamera, ambapo mrija mwembamba wenye taa hupitishwa ndani ya utumbo mpana na vipande vidogo vya nyama huchukuliwa vikachunguzwe maabara. Si kila hospitali ina mashine hiyo, ndiyo maana barua ya rufaa haifai kuwekwa kabatini.

Probiotiki ni nini hasa?

Wazo la kula bakteria kwa ajili ya afya si geni. Mwaka 1907 mwanasayansi Elie Metchnikoff, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliandika kwamba maziwa yaliyochacha huenda yakasaidia watu kuishi maisha marefu. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel, na hadi leo matangazo mengine humtaja kana kwamba alituzwa kwa sababu ya maziwa hayo. Ukweli ni kwamba alituzwa kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili.

Mwaka 2001, wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walikutana Córdoba, Argentina, wakakubaliana kuhusu maana ya neno hili. Probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji manufaa ya kiafya. Maneno hayo yana masharti matatu: viwe hai, viwe vya kutosha, na manufaa yawe yamethibitishwa. Kopo lililokaa juani dirishani mwa duka huenda lina vijidudu vilivyokufa. Hilo limeshindwa sharti la kwanza hata kabla halijafunguliwa.

Sababu ya watu kuzitumainia inaeleweka. Utumbo wa binadamu una matrilioni ya bakteria, na wagonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo kwa kawaida huwa na aina chache kuliko watu wazima wa afya. Mtu husema: kama wamepungua, waongezwe. Lakini kuna vikwazo viwili. Haijawa wazi kama upungufu huo ndio ulioleta ugonjwa au ni ugonjwa ulioleta upungufu. Tena, bakteria wengi wanaomezwa hawapati makao tumboni. Hupita kama wageni, na mtu akiacha kuwameza hutoweka baada ya siku au wiki chache.

Si kila mbegu hufaa kila shamba

Mkulima akiingia duka la pembejeo haombi "mahindi" tu. Huuliza ni mbegu gani. Mbegu ya H614 inayostawi nyanda za juu zenye mvua haitampa mavuno mkulima wa Ukambani, ambaye kwake mbegu ya Katumani, inayokomaa haraka, ndiyo inayofaa. Yote ni mahindi, lakini si kitu kimoja.

Bakteria nao wako hivyo. Mfano bora ni Escherichia coli. Aina fulani za bakteria huyu husababisha kuhara damu na hata kuua. Lakini mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mjerumani Alfred Nissle alipata aina nyingine ya bakteria huyo huyo katika choo cha askari ambaye hakuugua kuhara wakati wenzake waliugua. Aina hiyo, iitwayo Nissle 1917, ndiyo mojawapo ya probiotiki zilizochunguzwa zaidi kwa kolaitisi ya vidonda. Jina la kwanza na la pili la bakteria ni lile lile. Kinachotofautisha muuaji na msaidizi ni mbegu.

Kwa hiyo kopo lililoandikwa "Lactobacillus" pekee halijamwambia mnunuzi chochote cha maana. Utafiti uliofanywa kwa mbegu moja hauwezi kutumiwa kuuza mbegu nyingine.

Utafiti unasema nini?

Kwa kolaitisi ya vidonda, kuna dalili za manufaa. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 327 waliokuwa katika kipindi cha utulivu. Baadhi walipewa Nissle 1917 na wengine mesalazini, ambayo ni dawa ya kawaida ya ugonjwa huu. Katika mwaka mmoja, miongoni mwa waliofuata masharti ya utafiti hadi mwisho, ugonjwa uliwarudia asilimia 36.4 ya waliotumia bakteria na asilimia 33.9 ya waliotumia mesalazini. Tofauti ilikuwa ndogo.

Nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulihusisha wagonjwa 147 ambao ugonjwa ulikuwa umewaka kwa kiwango kidogo au cha wastani. Waliopewa mchanganyiko wa mbegu nane uitwao VSL#3 walifikia utulivu kwa asilimia 42.9 baada ya wiki 12, huku waliopewa unga usio na dawa wakifikia asilimia 15.7. Wengi wa wagonjwa hao waliendelea na dawa zao za kawaida. Bakteria waliongezwa juu yake.

Mahali pa pili ni kwa watu waliokwisha kuondolewa utumbo mpana kwa sababu ya kolaitisi, kisha madaktari wa upasuaji wakawatengenezea mfuko wa ndani kutokana na utumbo mwembamba. Mfuko huo huweza kuvimba tena na tena. Mwaka 2000, watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 40 ambao uvimbe wao ulikuwa umetulizwa kwa antibayotiki. Nusu walipewa VSL#3 na nusu unga mtupu. Katika miezi tisa, ugonjwa uliwarudia watu 3 kati ya 20 waliopata bakteria, na watu wote 20 waliopata unga mtupu. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo, lakini tofauti ilikuwa kubwa.

Kwa ugonjwa wa Crohn, habari si njema. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2013 ulitumia Saccharomyces boulardii, aina ya hamira inayouzwa sana kama dawa ya kuhara. Wagonjwa 165 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Ugonjwa uliwarudia asilimia 47.5 ya waliotumia hamira hiyo na asilimia 53.2 ya waliotumia vidonge visivyo na dawa, tofauti ambayo watafiti waliihesabu kuwa ya bahati tu. Hadi leo hakuna probiotiki iliyothibitishwa kuutibu ugonjwa wa Crohn.

Baada ya kupima ushahidi wote, chama cha madaktari bingwa wa tumbo cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2020. Kwa kolaitisi ya vidonda na kwa Crohn, kilishauri probiotiki zitumiwe ndani ya utafiti tu. Kwa uvimbe wa mfuko, kilikubali mchanganyiko wa mbegu nane, kikikiri kwamba ushahidi wake bado si mzito. Kwa ufupi, zinaweza kuwa nyongeza kwa baadhi ya wagonjwa chini ya uangalizi wa daktari. Badala ya dawa, hapana.

Je, mursik na maziwa lala?

Kenya ina utajiri wa vyakula vilivyochacha. Wakalenjin wana mursik, maziwa yanayochachushwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Wamaasai wana kule naoto. Jamii za kaskazini huchachusha maziwa ya ngamia. Karibu kila eneo kuna uji wa wimbi au mtama uliochacha. Vyakula hivi vina bakteria hai na ni chakula chema. Kwa anayesumbuliwa na maziwa mabichi, yaliyochacha mara nyingi humkalia vizuri zaidi tumboni, kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari yake.

Hata hivyo, chakula chema si dawa iliyopimwa. Bakteria walio kwenye kibuyu kimoja si wale walio kwenye kingine, na idadi yao hubadilika. Jambo la kuzingatia zaidi ni usalama. Maziwa ambayo hayakuchemshwa kabla ya kuchachushwa yanaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe, na kuchacha pekee si kinga ya kutosha. Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza kinga anapaswa kunywa yale tu ambayo maziwa yake yalichemshwa kwanza, kisha yakapoa na kuchachushwa katika chombo safi. Pia baadhi ya yogati za dukani hupashwa moto baada ya kuchachushwa ili zidumu. Hizo hazina bakteria hai tena.

Nani ajihadhari?

Kwa mtu mwenye kinga imara, madhara ya probiotiki kwa kawaida ni madogo: tumbo kujaa gesi au kunguruma kwa siku chache. Lakini kuna makundi ambayo vijidudu hivyo vinaweza kuingia kwenye damu na kuleta maambukizi makali. Hao ni pamoja na waliolazwa wakiwa mahututi, walio na mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu, na ambao kinga yao imeshuka sana kwa ugonjwa au kwa dawa. Wagonjwa wengi wa uvimbe sugu wa utumbo hutumia prednisoloni, azathioprini au infliksimabu, na zote hupunguza kinga. Hao wasitumie probiotiki yoyote kabla ya kumwambia daktari wao.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Mgonjwa au jamaa yake anaweza kubeba maswali haya hadi duka la dawa:

1. Je, daktari anayenitibu anajua kwamba nataka kutumia kitu hiki?
2. Je, jina kamili la bakteria, pamoja na mbegu yake, limeandikwa kwenye kopo?
3. Je, kuna bakteria wangapi hai, na idadi hiyo ni ya siku kopo lilipotengenezwa au ya siku litakapoisha muda? Utafiti wa VSL#3 ulitumia matrilioni ya bakteria kwa siku. Makopo mengi ya kawaida yako chini sana ya hapo.
4. Je, linahitaji friji, na duka limelihifadhi hivyo?
5. Je, linaahidi kuponya kabisa kolaitisi au Crohn? Kama ndiyo, hiyo ni sababu tosha ya kulirudisha kwenye rafu.
6. Je, pesa hizi zitapunguza zile za kununua dawa nilizoandikiwa? Kama ndiyo, dawa zitangulie.

Anayetumia antibayotiki akumbuke kwamba dawa hizo huua hata bakteria walio katika probiotiki, hivyo aulize namna ya kupanga saa.

Dawa zisiachwe

Hatari kubwa kuliko zote huja mgonjwa anapojisikia vizuri. Damu imekoma, uzito umerudi, na vidonge vinaonekana mzigo. Hapo ndipo mtu huweka mesalazini kando na kubaki na probiotiki, kwa kuwa inaitwa "ya asili". Lakini utulivu huo mara nyingi ni kazi ya dawa. Uvimbe unaweza kuendelea ndani kimya kimya kabla damu haijaonekana tena, na kolaitisi inayoachwa iwake kwa miaka huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana. Kama dawa ni ghali, ina madhara au haipatikani, mgonjwa amwambie daktari waziwazi ili watafute njia nyingine pamoja. Vilevile aepuke kujinunulia dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo zinaweza kuuamsha ugonjwa.

Kuna dalili zisizongoja kliniki ya wiki ijayo. Mgonjwa anayekwenda choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa au moyo kwenda mbio, afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa anayevimba tumbo ghafla kwa maumivu makali, anayetapika bila kukoma, au anayezimia.

Wakazi wenye dalili zilizotajwa wanashauriwa kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kuzungumza na mhudumu wa afya wa jamii anayetembelea mtaa wao. Waliokwisha kugunduliwa wanaombwa kwenda kliniki wakiwa na kila wanachomeza, yakiwemo makopo ya probiotiki na dawa za mitishamba, na kuviweka vyote mezani mbele ya daktari. Daktari hawezi kumlinda mgonjwa dhidi ya kitu asichokijua.